Hakuna Vita Kabla ya Chai

Nilipopangiwa kazi Gachoka nilikuwa na lengo moja tu, nalo lilikuwa kuondoka Gachoka. Nilifika Januari, na kufikia Mei fomu yangu ya kuomba uhamisho ilikuwa tayari ndani ya droo ya naibu wa mwalimu mkuu, ikingoja sahihi yake. Sikuwa na ubaya na mtu. Nililelewa Makutano, Meru, ambako unafungua mlango ukungu unaingia kabla yako, na sweta ni nguo ya mwaka mzima. Sasa nilikuwa nafundisha Kiswahili mahali ambapo hata chaki ilipata joto mkononi. Maji yaliletwa na punda, na punda mwenyewe alikuwa na madharau.

Kwenye sehemu ya sababu niliandika afya ya mama. Mama wakati huo alikuwa akijitwika gunia la viazi mgongoni na kupanda nalo kilima huku akiongea. Sababu ya kweli ilikuwa upweke, lakini fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hivyo, na hata ingekuwa nayo nisingeandika. Nina kiburi changu.

Walimu tuliokaa kwenye nyumba za shule tulikuwa wanne. Kulikuwa na mwalimu wa fizikia, kijana wa upande wa Embu mjini, mtu wa vipimo ambaye hata sukari aliipima kwa kijiko na kukisawazisha kwa kidole. Kulikuwa na mwalimu wa kilimo, mzaliwa wa Mbeere hapo hapo, mwenye mbuzi kumi na mmoja na maneno machache kuliko mbuzi wake. Kulikuwa na huyo naibu, mama wa makamo ambaye shule nzima ilimwita Deputy, mcha Mungu, mwenye droo. Na kulikuwa na mimi.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wale wanaume wawili walikaa kwenye veranda ya mwalimu wa kilimo na kucheza kadi. Hazikuwa karata za kawaida. Mzungu mmoja wa kujitolea, aliyefundisha hapo kabla yangu, alikuwa amewaachia kasha la viatu lililojaa kadi zenye picha za rangi, majoka na mashujaa na misitu. Kwao, alivyowaeleza, watu hununua kadi hizo katika pakiti ndogo bila kujua ndani mna nini, kisha hubadilishana na kukusanya miaka na miaka. Sisi tulikuwa na kasha moja tu, na duka lililo karibu zaidi lilikuwa ng'ambo ya bahari.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mmoja ana bunda lake. Kadi nyingine ni ardhi, na ardhi inakupa nguvu. Kwa nguvu hiyo unatoa wanyama, majoka na uganga wa kila aina. Wanyama wako wanamshambulia mwenzako, wa kwake wanamkinga, na kila pigo linalopenya linampunguzia pointi. Mtu anaanza na pointi ishirini, zikiisha ameisha. Pointi walizihesabu kwa ndengu, zile choroko za huku, ndani ya kisahani, kwa sababu Mbeere unaweza kukosa maji lakini si ndengu.

Ulikuwa mchezo wa watu wawili. Nilikaa pale Jumamosi nne nikitazama, nikasifu inapofaa, nikaosha vikombe, na hakuna aliyeniambia nicheze kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kunipa. Jumamosi ya tano nikasema waziwazi kwamba nataka kucheza. Wakakubali kwa adabu, watu watatu, kila mtu na lwake. Nilikufa kabla sijakaa vizuri. Wote wawili walinishambulia mimi, na nilipouliza kwa nini, mwalimu wa fizikia akanieleza kwa upole kwamba kimahesabu mimi ndiye niliyekuwa na wanyama wachache.

"Si ubaya, madam," akasema. "Ni hesabu tu."

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia punda wa maji yote niliyotaka kuwaambia wao.

Jumatatu niliazima kitabu cha kanuni, nikadai nataka kukitafsiri. Nilikisoma mara tatu nikimtafuta mtu wa tatu na wa nne ndani yake. Hawakuwamo. Kila ukurasa ulisema mpinzani wako, mpinzani wako, kana kwamba dunia nzima ina mpinzani mmoja. Basi nikaamua kukirekebisha. Nilikuwa nasahihisha insha mia moja na ishirini kila wiki, na kitabu hakikuwa na makosa mengi kuliko insha za kidato cha pili. Tungecheza watu wanne, wawili kwa wawili, ili asiwepo mtu wa kuonewa kwa hesabu. Kilichokosekana ni mtu wa nne.

Wa nne alikuja mwenyewe, tena kwa nia ya kutufungia mchezo.

Miaka ile kila mahali palikuwa na gumzo la ibada za shetani mashuleni. Mwanafunzi akivaa pete ya ajabu, kikao kinaitwa. Sasa fikiria Deputy, Jumamosi, akitoka mazoezi ya kwaya, anakuta walimu wake watatu wameinamia meza iliyojaa picha za majoka. Alisimama hapo juani na mwavuli wake. Sote tuliinuka.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni mchezo tu, madam," akasema mwalimu wa fizikia. "Ule mzungu alituachia."

"Mimi nauliza hiyo iko na pembe."

Mwalimu wa kilimo akaitwaa ile kadi, akaitazama mbele na nyuma kama mtu anayekagua mnyama sokoni. "Hiyo ni mbuzi, madam. Mbuzi ya huko ng'ambo."

"Mbuzi iko na mabawa?"

"Huko wanalishwa vizuri."

Nilijua tumekwisha. Deputy alifunga mwavuli, akavuta kiti, akakaa. "Nifundisheni," akasema. "Siwezi kusema ni dhambi na sijui vile inachezwa."

Tulimfundisha. Alicheza na mwalimu wa fizikia, akashindwa, na nikaona kwa macho yangu mama wa kanisa akikataa kushindwa. Alikasirika kimya kimya, shingo ikasimama. Kisha akatoa uamuzi. Kadi saba zenye mafuvu na mashetani ya wazi alizitia ndani ya mkoba wake, na hatukuziona tena. Zilizobaki aliziwekea mkono akaziombea, kwa ufupi, na hapo ndipo nilipotoa karatasi yangu ya kanuni za watu wanne. Tulipiga kura kwa vipande vya chaki, viwili vyeupe na viwili vya buluu. Mimi na Deputy tukatoa vya buluu.

Alinitazama juu hadi chini. "Wewe ndio ule wa fomu."

"Ndiyo, madam."

"Fomu iko kwa droo. Nitaiangalia. Kuja ukae hapa."

Kazi ikaanza. Kadi za watu wawili hazitoshi watu wanne, na cha kwanza kilichokosekana ni ardhi. Hapo mwalimu wa kilimo akasema kwamba kwao mtu akikosa nguvu shambani hawezi kuachwa, watu wanalimiana kwa zamu, ngwatio, leo kwako kesho kwangu. Kwa hiyo mtu akikosa ardhi mkononi, alime kwa mwenzake. Tukaiandika. Nikaongeza kwamba mtu anaweza pia kumkopesha mwenzake ndengu asife. Mwalimu wa fizikia alipinga, akisema mchezo hautakwisha. Alikuwa na haki, lakini tulimshinda kwa kura. Tukakubaliana pia kwamba mezani tutaongea Kiswahili tu, maana wao watatu walielewana kwa Kiembu na Kimbeere, na mimi kwa Kimeru changu nilikuwa nashika neno moja na kuacha mawili. Deputy aliilalamikia kanuni hiyo mpaka mwaka ukaisha. Alisema Kiswahili kinamfanya aonekane mpole.

Kadi zilizopungua tulitengeneza wenyewe kwa maboksi ya chaki. Mimi ndiye niliyechora, kwa hiyo wanyama wote wana miguu ya meza. Tulikuwa na Punda wa Maji, aliyekupa ardhi mbili lakini angeweza kugoma. Tulikuwa na Inspekta, ambaye akitokea vita vyote vinasimama raundi nzima na kila mtu anajifanya ana kazi. Tulikuwa na Pikapu ya Laare, mchango wangu kutoka nyumbani. Yeyote aliyewahi kuona pikapu ya miraa ikiteremka kutoka milima ya Nyambene, ikiwahi soko kabla majani hayajanyauka, atakubali kwamba kadi hiyo ilistahili kushambulia papo hapo, bila kukingwa na mnyama yeyote, maana haisimami. Ninayo mpaka leo, ndani ya kamusi. Na mwalimu wa fizikia, kunichokoza, alitengeneza Barua ya Uhamisho. Ukiicheza, mnyama wa mtu anatoka mezani na kurudi alikotoka. Alikuwa akiilaza mbele yangu polepole, huku akinitazama usoni. Nilicheka na wengine, lakini Jumatatu nilipita ofisini kuuliza fomu.

"Iko kwa droo," Deputy alijibu. "Nitaiangalia."

Sasa nifike kwenye kosa letu. Tulikuwa tumeamua kuzunguka, kila Jumamosi nyumba ya mtu mmoja, ili vikombe visioshwe na mimi peke yangu. Zamu ya Deputy ilipofika, wanaume walianza vita mara moja. Deputy alikuwa bado amesimama na birika mkononi, na joka la mwalimu wa fizikia lilikuwa tayari limemlia ndengu tano. Aliliweka birika chini.

"Kwa nyumba yangu?" akasema. "Hamjaonja kitu, na mnanipiga?"

Sote tulilelewa hivyo hivyo, Meru kwa Embu. Mgeni hafiki kwa watu akaanza shida zake kabla ya chai, hata akiwa ameleta habari za msiba. Mwalimu wa fizikia alizirudisha zile ndengu moja moja. Nikachukua kalamu, nikaandika kanuni mpya, na tukaipitisha bila kupingwa: mwenye nyumba hashambuliwi kabla wageni hawajanywa chai.

Tulijiona watu wenye adabu sana. Hakuna aliyefikiria kuandika chai ichukue muda gani.

Aliyegundua mwanya huo kwanza ni yule mtu wa maneno machache. Jumamosi iliyofuata, kwake, alisema chai itapikwa kwa maziwa ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa malishoni. Alicheza zamu yake, akatoa wanyama wawili, akaenda kumtafuta mbuzi. Alirudi bila mbuzi, akacheza zamu nyingine, akatoa wanyama watatu, akaenda tena. Tulipokunywa chai hiyo hatimaye, alikuwa na jeshi la kutosha wilaya nzima. Deputy alikuwa mwanafunzi mwepesi. Kwake chai ilifika mapema, ikamiminwa, ikatoa moshi mbele yetu, halafu akasema tuombe. Aliombea mvua, watahiniwa, wagonjwa kwa majina, wasafiri, na walimu walio mbali na kwao. Macho yamefumbwa, chai inapoa, na huwezi kusema umekunywa kabla ya amina. Mimi nilitumia njia ya kawaida ya mwanamke. Nilipunguza utambi wa jiko la mafuta mpaka moto ukawa wa kutazama tu.

"Madam, hiyo chai," mwalimu wa fizikia alikuwa akiniita kutoka sebuleni. "Hata barafu ingekuwa imechemka."

"Bado kidogo, mwalimu."

Yeye maskini alikuwa na thamosi. Ukibisha hodi kwake, chai iko mezani, sukari imesawazishwa, na dakika tatu baadaye anapigwa. Alileta hoja kwamba chai isizidi nusu saa. Deputy alimtazama kwa huruma, akamuuliza kama kwao mama yake humwekea mgeni saa. Hoja ikaanguka.

Muhula wa pili ukaisha, wa tatu ukaanza, na mimi na Deputy tukawa timu ya kuogopwa. Alikuwa mkatili kuliko sisi sote. Aliwashambulia wanaume huku akiwaita wanangu. Kwangu mimi hakuwa na neno tamu hata moja. Aliniambia nimekonda, aliniambia napika chai kama ya hospitali, na akaniletea ndengu na mafuta ya samli bila kusema ni za nini. Kuna Jumamosi moja tulikuwa tumebanwa vibaya. Mimi nilibaki na ndengu moja, yeye sita, na Pikapu ya Laare ilikuwa mikononi mwa mwalimu wa kilimo, jambo lililoniuma kama usaliti. Deputy alitazama meza, kisha akamimina kisahani chake chote ndani ya changu.

"Madam, utakufa," nikamwambia.

"Mimi nimekaa hapa miaka mingi, sina haraka ya kwenda mahali," akasema. "Wewe bado uko na kazi. Cheza."

Akawa ametoka mchezoni. Alikaa nyuma yangu na mikono mapajani, akitazama nikicheza kadi zangu na zake. Nilishinda. Nilipogeuka kumwonyesha, nilimkuta anafuta macho, akasema ni vumbi. Nilimwamini, kwa sababu Gachoka ina vumbi.

Siwezi kusema ni siku gani niliacha kuuliza fomu. Najua Septemba niliuliza. Oktoba nilipita ofisini mara nyingi, lakini ilikuwa kumwambia kuhusu kadi niliyoifikiria usiku, au kulalamika kwamba mbuzi wa mwalimu wa kilimo ni mwongo kama mwenyewe. Droo ilikuwa pale pale mbele ya magoti yake. Sikuitazama.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa ilikuwa zamu yangu. Joto lilikuwa limeshika, mvua ilikuwa imenyesha mara mbili ikajuta. Tulianza vizuri. Maji yalikuwa jikoni, utambi chini, mimi salama mezani kwa mujibu wa sheria. Zamu ya Deputy ilipofika hakugusa kadi zake. Alifungua mkoba.

"Nacheza Barua ya Uhamisho," akasema, na akalaza bahasha ya kaki mbele yangu.

"Madam, hiyo si kadi," mwalimu wa fizikia akaanza kusema. Halafu akaona maandishi, akaweka kadi zake chini.

Nilifungua. Ilikuwa fomu yangu, na sahihi yake, na muhuri wa shule, na barua ya ukurasa mzima aliyoiandika kwa mkono kunisifu kwa ofisi ya elimu. Alikuwa ameandika kwamba mimi ni mvumilivu, jambo ambalo halijawahi kuandikwa na mtu mwingine hadi leo.

"Nilikaa na hiyo kitu kwa droo kutoka Mei," Deputy akasema. "Ulikuwa unakuja kuuliza, naona, huyu anataka kwenda, nitamwekaweka kidogo azoee. Sasa umeacha kuuliza." Alipanga kadi zake ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Nikaona si vizuri. Ukikaa, ukae kwa sababu unataka. Si kwa sababu ya droo yangu. Na mama yako ni mgonjwa, uliandika."

Nilitaka kumwambia ukweli kuhusu mama na gunia la viazi. Nilitaka kumkasirikia kwa miezi sita ya maisha yangu. Nilichofanya ni kusema naenda kuangalia chai.

Nilijua nitaipeleka ile fomu, na niliipeleka. Januari nilikuwa nimerudi Meru, kwenye ukungu wangu na sweta yangu, na sijawahi kusema nilikosea. Lakini nilisimama pale jikoni na bahasha kwapani na moyo ukaniuma kwelikweli, kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokitaka na nilikuwa na watu watatu sebuleni ambao nisingewapata mahali pengine. Utambi ulikuwa umenisaliti. Chai ilikuwa inachemka, imepanda hadi ukingoni, rangi yake nzuri, tayari kabisa. Kilichobaki ni kumimina, wanywe, mchezo uishe, waende.

Nikachota kata ya maji baridi kwenye mtungi, nikaongeza ndani ya sufuria. Nikangoja kidogo. Nikaongeza nyingine.

"Madam," Deputy akaita, "hiyo chai?"

"Bado kidogo," nikajibu, na sauti yangu haikutoka vizuri, na nadhani walisikia.

Kisha nikamsikia mwalimu wa fizikia, mtu wa thamosi, akivuta kiti chake karibu na meza.

"Pole pole tu, madam," akasema. "Hatuna haraka."